Mwalimu wa kikapu anayestaafu Mtwara: tathmini ya jioni tatu kwa wiki

Anayefika Mtwara mjini na raba begani akauliza wapi pa kucheza kikapu, huelekezwa kwenye uwanja wa saruji wa chuo kimoja cha ualimu, na huambiwa afike kabla ya saa 10:30 jioni. Ikipita dakika moja hapokelewi, hata akiwa ametoka Mikindani kwa miguu. Mkufunzi anayeendesha mazoezi hayo anatimiza miaka 60 mwaka huu, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Jina lake tunaliacha, na la chuo pia. Wachezaji humwita Mwalimu, na anayecheza kikapu mji huu ameshajua ni nani.

Tunampima hapa kama mtu anavyompima fundi au mama lishe: unapewa nini, kwa masharti gani, na wapi panapwaya. Ada hakuna. Mchezaji huja na raba zake, soksi pea mbili na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Siku ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa 10:30 hadi saa 12:00. Muda huo hauongezeki kwa sababu mwezi Juni jua la Mtwara linazama dakika chache tu baada ya saa 12, na uwanja hauna taa. Kwa mizani ya nyota tano tunampa nne, na ile moja iliyopotea tutaieleza bila kumwonea haya.

Sifa yake kubwa ni kwamba anafundisha kikapu cha hapa. Makocha wengi hubeba mazoezi waliyoyaona kwenye video za Marekani, yenye sakafu ya mbao, mpira mmoja kwa kila mchezaji na vijana walioshika mpira tangu darasa la tatu. Yeye ana saruji, upepo wa bahari, mipira sita kwa wachezaji 24, na watu waliogusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 19 au 20. Diploma ya ualimu ni miaka miwili. Toa mitihani, toa wiki za mazoezi ya kufundisha shuleni, toa likizo. Mkorosho wenyewe huhitaji kama miaka mitatu kuanza kuzaa, na yeye hana hata hiyo.

Kwa hiyo anaanza na miguu. Wiki mbili za kwanza mgeni hadundi mpira kabisa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Anachora mistari ya chaki kwenye saruji na kufundisha mambo matatu tu: kusimama kwa miguu yote miwili kwa mpigo mmoja, kusimama kwa moja-mbili, na kuzunguka juu ya mguu wa kiegemeo bila kuunyanyua. Ukitua kwa miguu yote kwa pamoja, una hiari ya kuchagua upi uwe kiegemeo. Ukitua moja-mbili, wa kwanza ndio kiegemeo, hakuna mjadala. Tangu FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ibadilishe kanuni ya hatua mwaka 2017, mchezaji anayedaka mpira huku akiwa mwendoni ana ile hatua ambayo wachezaji wanaiita ya sifuri, kisha mbili za kuhesabiwa. Mwalimu huifundisha mwishoni mwa wiki ya pili, si mwanzoni. Anayeanza na hatua ya sifuri kabla hajajua kiegemeo huishia kutembea na mpira hadi sokoni.

Jicho lake kwa wanaotoka michezo mingine ndilo linalomtofautisha na makocha wengi wa vyuo. Vijana wengi humjia kutoka kandanda, na mabinti kutoka mpira wa pete. Wa mpira wa pete wana miguu tayari, kwa kuwa mchezo wao hauruhusu kutembea na mpira. Wanajua kutua na kuzunguka. Wanachokosa ni ubishi. Kanuni ya mpira wa pete inamtaka anayekaba akae mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira, kwa hiyo wakibanwa kifuani kwenye kikapu wanaachia mpira kabla ya wakati. Dawa yake ni zoezi la wawili ndani ya duara la katikati, lenye nusu kipenyo cha mita 1.8: mmoja ana mpira, hadundi, anauzungusha juu ya kiegemeo kwa sekunde tano huku mwenzake akiunyang'anya. Baada ya wiki hivi hofu ya kubanwa inapungua.

Kwa wa kandanda tatizo ni lei-api, yaani kupiga karibu na ringi ukiwa mbioni na kuruka kwa mguu mmoja. Kila kocha huimba “kulia, kushoto, juu”, na kila mgeni huchanganya. Mwalimu hasemi hivyo. Anamwambia kijana apige penalti hewani kwa mguu wa kulia, kisha anamuuliza ni mguu upi umesimama chini. Wa kushoto. “Basi huo huo ndio wa kurukia ukitumia mkono wa kulia.” Kosa ambalo pengine lingekula mwezi mzima linaisha jioni moja. Kisha anawapa mahali pa kulenga: kona ya juu ya kile kisanduku kidogo cha kwenye bodi, chenye upana wa sentimita 59 na urefu wa 45. Anayelenga ringi yenyewe kwa mwendo wa kasi atapitiliza. Anayelenga kona, bodi inammalizia kazi.

Kupiga kunaanzia mita moja tu kutoka kwenye ringi. Mabao matano mfululizo, unarudi hatua moja. Ukikosa mawili mfululizo, unasogea mbele tena. Wanaotamani mstari wa pointi tatu, ambao uko mita 6.75, wanazuiwa mpaka wafunge saba kati ya kumi kwenye mtupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye bodi. Na mitupo hiyo hapigi mtu akiwa freshi. Inapigwa saa 11:50, baada ya mbio, kwa sababu kwenye mechi anayepelekwa mstarini mara nyingi ni yule ambaye pumzi imekata.

Upepo nao una somo lake. Kipindi cha kusi, mpira wa juu unaopigwa kutoka pembeni unasukumwa nusu ringi. Hivyo anawafundisha kugonga bodi: pembe ya nyuzi 45 hivi, mpira mkavu, usiopaa sana. Nyumbani inafanya kazi vizuri ajabu, na timu ngeni hubaki zikishangaa. Ila deni lake huja safarini. Ndani ya jengo, kama Uwanja wa Ndani wa Taifa Dar es Salaam, ambako hakuna upepo, wachezaji wake wanaendelea kupiga mpira wa chini usio na tao, na mabeki warefu wanawafuta kama ubao. Alipaswa kuwapa walau wiki mbili za mpira wa juu kabla ya kila safari, asubuhi na mapema upepo ukiwa umelala. Hakuwahi.

Ulinzi wake ni mtu kwa mtu, mwanzo hadi mwisho. Timu ambayo mrefu wake ana mita 1.83 haiwezi kusubiri mpira chini ya ringi. Watanzania tulizoea kumtazama Hasheem Thabeet akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, Marekani kati ya 2006 na 2009, mita 2.21, kabla ya kuchaguliwa wa pili NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009. Jim Calhoun, aliyekuwa kocha wake pale na aliyestaafu UConn mwaka 2012 akiwa na mataji matatu ya taifa, ya 1999, 2004 na 2011, aliweza kuwaruhusu magadi wake, yaani walinzi wa mbele, wakabe kwa nguvu mbele kwa sababu nyuma yao kulikuwa na mnara. Hapa mnara haupo. Kilichopo ni makalio. “Kalio kwanza, mikono baadaye,” ndiyo kauli yake kwenye rebaundi, kugombea mpira uliokosa ringi: mpira ukiondoka mkononi mwa mpigaji, usiutazame, mtafute mtu wako, mgeuzie mgongo, mkalie mapajani, ndipo uinue macho. Wachezaji wanaiita boksi-auti. Anayeruka kabla ya kumkalia mtu anatolewa nje hata kama ameupata mpira, na wageni huona ni uonevu mpaka wakutane na timu ya warefu.

Zoni, yaani kukaba eneo badala ya mtu, haipendi, na hapo ndipo nusu ya nyota inapokwenda. Kwenye mashindano ya siku nyingi mfululizo, kama UMISAVUTA, michezo ya vyuo vya ualimu, wachezaji wanane wenye uwezo hawawezi kukaba mtu kwa mtu dakika 40 kila siku. Siku ya tatu magoti yanagoma, faulo zinapanda, na baada ya faulo ya nne ya timu ndani ya robo kila faulo ya ukabaji inampa mpinzani mitupo miwili. Zoni rahisi ya mbili-tatu kwa robo moja tu ingewapumzisha. Anajibu kwamba zoni inafundisha uvivu. Labda. Lakini hata mpishi hodari hupunguza moto.

Sasa vifaa, ambavyo kwa maoni yetu ndivyo vitakavyofanya akumbukwe mapema kuliko mbinu zake. Chumvi ya Mtwara haikai baharini, inatembea hewani. Bolti zinazoshika ringi kwenye bodi zinaoza kwa ndani huku kichwa kikionekana kizima. Kila Jumatatu anapanda ngazi na spana, anajaribu nati moja baada ya nyingine, anapaka grisi. Mara moja kwa mwaka ringi inashushwa: kutu inakwanguliwa kwa brashi ya waya, inapigwa msasa, kisha rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya chungwa. Wanaopaka rangi ya chungwa juu ya kutu wanafunika tu. Miezi michache baadaye inavimba na kubanduka kama maganda, na chuma kimeshaliwa.

Kuna mti wa mita 3.05 uliotiwa alama ya msumari. Ndio kipimo cha ringi kutoka chini, na ndio chombo muhimu kuliko vyote pale. Nyufa za uwanja zilipozibwa kwa tabaka jipya la saruji la sentimita nne, ringi ilishuka sentimita nne hizo hizo kwa sababu nguzo hazikuguswa. Kwa jicho huoni. Kwenye mechi za ugenini mipira ikaanza kugonga mdomo wa mbele wa ringi, na lawama zikaenda kwa wapigaji. Mti ule ulisema kweli, bodi ikalegezwa na kupandishwa kwenye matundu ya juu. Wenye viwanja vya shule vilivyokarabatiwa karibuni wapime leo.

Nyavu za dukani za nailoni nyembamba haziwezi jua la hapa. Mwalimu hununua nyuzi za wavuvi na kusuka mwenyewe, kwa fundo lile lile la nyavu za samaki. Ringi ina sehemu 12 za kushikia wavu, urefu ni sentimita 40 hadi 45. Siri iko theluthi ya chini: matundu yanabanwa kidogo ili mpira usite kabla ya kutoka, na refa aone bila shaka kwamba umepita. Ukibana mno mpira unakwama na mchezo unasimama. Ukiacha wazi, kila bao safi linazaa ugomvi.

Mipira yote ni ya raba. Ya ngozi bandia ni mizuri mkononi, lakini saruji inaimenya ndani ya miezi michache na inabaki na kipara kinachoteleza kwa jasho. Saizi 7 kwa wavulana, 6 kwa wasichana, na hapa yuko makini: binti aliyejifunza kwa saizi 7 hupiga kwa bega badala ya kiganja. Sindano ya pampu inalowanishwa kwanza, kwa mate au maji. Ikiingia kavu inachana vali, na mpira unaovuja polepole hauna tiba. Upepo hujazwa jioni uwanjani, si asubuhi, kwa sababu mpira uliojazwa kwenye ubaridi hukakamaa ukikaa juani. Ukiachiwa kutoka kimo cha mita 1.8 unatakiwa urudi kati ya kiuno na kifua. Ukipita kifua, punguza.

Kabla ya yote hayo uwanja unafagiwa kwa fagio la chelewa, kufuata upepo, kuanzia katikati kwenda nje. Mchanga juu ya saruji ni kama mtama sakafuni: mguu unaokata kona unateleza na kifundo kinageuka. Wa zamu wawili hufanya kazi hiyo kwa dakika kumi. Akikuta mchanga kwenye eneo la ringi, wote wanafagia upya, yeye akiwamo.

Habari ya soksi ina ukoo mrefu kuliko Mtwara. John Wooden, kocha wa kikapu aliyestaafu UCLA, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1975 baada ya mataji 10 katika misimu 12, alikuwa akiwaonyesha wachezaji wake siku ya kwanza namna ya kuvaa soksi na kufunga kamba. Kwenye joto la pwani somo hilo lina uzito maradufu. Soksi ivutwe mpaka isiwe na mkunjo kisiginoni wala kwenye vidole, kamba zikazwe kuanzia tundu la chini kwenda juu, na nusu ya mazoezi pea ya kwanza ivuliwe, ivaliwe kavu. Lengelenge halitokani na kiatu kibaya tu. Linatokana na ngozi yenye unyevu inayosuguliwa na mkunjo.

Akiteguka mtu, barafu kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kanga, dakika 15 hadi 20, mguu juu. Barafu haigusi ngozi moja kwa moja. Kisha bandeji kwa mtindo wa nane kuzunguka kifundo. Asiyeweza kutembea hatua nne anapelekwa hospitali, hakuna kukandwa wala kuvutwa. Kinywaji ni maji yaliyochemshwa lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Wanaodhani chumvi zaidi ni nguvu zaidi hutapika robo ya pili. Kula mwisho saa mbili kabla: ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha inakubalika, ugali na maharage haukubaliki. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yanakuwa ya kupiga tu, dakika 30 za mwisho kabla ya futari, bila mbio.

Jambo ambalo halitangazwi sana ni meza. Kila mwanachuo, hata asiyejua kupiga, hufundishwa kuandika fomu ya mechi, kuhesabu sekunde 24 za kushambulia kwa saa ya mkononi na sauti, kujua lini zinarudi 14 badala ya 24, kuhesabu sekunde nane za kuvuka nusu, na kugeuza mshale wa milki (unaoonyesha timu itakayofuata kupewa mpira), ambao pale ni kipande cha ubao kwenye msumari. Timu ina taimauti mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, na karani wa meza asiyejua hilo huvuruga dakika za mwisho. Mtwara ilikuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, mwaka 2019 na tena 2021, na aliyewahi kusimamia michezo ya shule anajua kinachokosekana kwanza si wachezaji, ni watu wa mezani. Wanachuo hawa huajiriwa Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Nachingwea, Liwale. Wakifika huko na fomu, filimbi na mti wa mita 3.05, shule inaanza kucheza.

Nusu nyingine ya nyota inakwenda kwa mambo mawili. Mabinti hupewa ringi ya pili, ile ya upande wa jua la jioni, kila siku, na wavulana hawajawahi kubadilishwa. Si haki, na kupokezana kwa wiki lingekuwa jambo la dakika moja. La pili ni kwamba hajaandika chochote. Ratiba ya wiki 12, mpangilio wa vituo sita kwa mipira sita, idadi ya marudio, vyote viko kichwani mwake. Daftari alilonalo ni la faulo na taimauti tu. Ukimuuliza anasema, “Njoo uone.” Baada ya mwezi wa kustaafu hakutakuwa na cha kuona.

Atakayempokea asianze na mbinu. Mti wa kipimo uko nyuma ya mlango wa stoo, umesimamishwa wima usipinde. Spana na kopo la grisi viko rafu ya chini. Ringi ya upande wa jua ina bolti moja, ya chini kushoto, ambayo nati yake imeanza kuzunguka bure, ibadilishwe kwanza. Nyavu zote mbili zimechoka, na nyuzi zinunuliwe kabla kusi haijashika kasi.